Lisansi ya Kisangani inasomwa namna gani kule Bruxelles?

Mutu mwenye alimaliza sheria ao sayansi ku Chuo Kikuu cha Kisangani mu mwaka 2010 alisoma miaka mitano: mitatu ya gradua, miwili ya lisansi. Mudogo wake mwenye anasoma leo mu mufumo wa LMD atasoma miaka mitatu, na yeye pia atapewa karatasi yenye kuandikwa lisansi. Karatasi mbili, chuo kimoja, neno moja. Hapa Makiso jambo hilo halisumbui mutu. Tunauliza tu, "Ya zamani ao ya LMD?", na mazungumuzo yanaendelea. Lakini mukubwa wa kazi kule Bruxelles, Lyon ao Oslo hajui kama kuna swali la kuuliza. Anasoma lisansi, anahesabu miaka mitatu kama ile ya kwao, anaweka dosie pembeni. Miaka miwili ya masomo, pamoja na makuta yote yenye wazazi walilipa, inapotea pale bila mutu yeyote kuwa na nia mbaya.

Tunaandika juu ya jambo hili kwa sababu familia nyingi za Tshopo ziko na mutu ng'ambo: mwenye alikwenda kusoma, mwenye alikimbia vita, mwenye alifuata bibi yake. Simu inapolia Siku ya Yenga, habari inafanana kila mara. Muuguzi anaosha wazee asubuhi mpaka jioni, lakini hana ruhusa ya kugusa sindano. Mwalimu wa fizike anapanga masanduku mu depo. Injenieri wa kilimo mwenye alisoma ku IFA-Yangambi anapeleka chakula cha watu kwa kinga. Kazi yenye kulisha watoto haina haya, na hatuandiki ili kuicheka. Lakini wakati hospitali za kule zinalia kwamba hazina wauguzi, na muuguzi yuko palepale mu koridoo na ufagio mukononi, kuna kitu hakiendi sawa.

Tuangalie kwanza namna Wazungu wenyewe wanafanya kati yao. Tarehe 11 Aprili 1997, kule Lisbon, Baraza la Ulaya pamoja na UNESCO waliweka mukataba juu ya kutambua masomo ya juu. Kiini chake ni hiki: diploma ya inchi nyingine itambuliwe, isipokuwa ofisi yenye kuipokea ionyeshe kwamba kuna tofauti kubwa. Soma tena polepole. Si mwenye diploma ndiye anapaswa kuonyesha kwamba masomo yake ni sawa. Ofisi yenye kukataa ndiyo inapaswa kutoa sababu. Miaka miwili kisha, tarehe 19 Juni 1999, inchi 29 zilikutana Bologna na kukubaliana juu ya ngazi zilezile za masomo. Ndipo kulitoka hii LMD yetu. Mu 2005 Umoja wa Ulaya ulitoa sheria nambari 2005/36 juu ya kazi zenye kulindwa: munganga, muuguzi, mukunga, munganga wa meno, munganga wa nyama, mufamasia na muchora-majengo wanaweza kuvuka mupaka na diploma yao bila kufanyiwa mutihani mupya. Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg zilikwenda mbele zaidi. Tangu 2015 zinatambuana ngazi za diploma moja kwa moja, na kisha zikaongeza Estonia, Latvia na Lituania.

Hayo yote ni kati yao. Mutu wa Kisangani anaingia kwa mulango mwingine, na ule mulango uko na vitasa viwili vyenye watu wengi wanachanganya. Cha kwanza ni kutambuliwa kwa masomo: hii diploma ni ya ngazi gani kwetu? Cha pili ni ruhusa ya kazi: huyu mutu anaweza kutibu, kufundisha, kutetea watu mu tribinali? Unaweza kufungua kitasa cha kwanza na kubaki inje kwa miaka mbele ya cha pili. Mu Ubelgiji hata kitasa cha kwanza ni viwili. Mwenye anakaa upande wa Kifaransa anapeleka dosie ku Fédération Wallonie-Bruxelles, mwenye anakaa Antwerpen ao Gand anapeleka ku NARIC-Vlaanderen, na karatasi zenye wanaomba hazifanane. Ujerumani iko na sheria yake ya 2012 na orodha ya vyuo vya dunia nzima yenye kuitwa anabin, ambamo kila chuo kimepewa alama. Ndugu wawili wenye diploma moja, wa kwanza Liège, wa pili Köln, wanaweza kupata majibu mawili.

Chukua mufano wa uuguzi, maana ndiyo kazi yenye kuombwa zaidi. Sheria ya Ulaya inataka muuguzi awe amesoma miaka isiyopungua mitatu na masaa 4.600, na nusu ya masaa hayo ao zaidi iwe kazi ya mukono mu hospitali. Mwenye A1 wa ISTM amesoma miaka mitatu kisha diploma ya Serkali. Kwa miaka anafika. Mwenye A2 alisoma uuguzi ku ngazi ya sekondari, na hata kama amefanya kazi miaka 20 Mangobo ao Yangambi, karatasi yake inasomwa kama ya sekondari. Hilo ni chungu lakini linaeleweka. Lisiloeleweka ni yule wa A1 mwenye anashindwa kwa sababu karatasi yake ya alama inaonyesha asilimia peke yake. Alifanya staji Hôpital Général ya Makiso-Kisangani, alifanya ku Cliniques Universitaires, usiku na mchana. Masaa yako wapi? Hakuna mahali yameandikwa. Ofisi ya Ulaya haina kitu cha kuhesabu, na penye hakuna kitu cha kuhesabu inaandika zero.

Kuna kipengele kimoja mu sheria ile ya 2005 chenye wengi wa kwetu hawajui, nacho kina faida. Mutu mwenye diploma ya inchi isiyo ya Ulaya, ikisha kutambuliwa na inchi moja ya Umoja, na yeye akifanya kazi hiyo miaka mitatu mulemule na inchi hiyo ikishuhudia, diploma yake inahesabiwa mbele ya inchi zingine kama diploma ya Ulaya. Ni kifungu cha 3, sehemu ya 3. Kinafaa wale wenye uraia wa Ulaya, watu wa familia zao, wakimbizi wenye kukubaliwa na wenye makao ya muda murefu. Maana yake ni kwamba inchi ya kwanza ndiyo ngumu. Mwenye kuhama-hama kila mwaka akitafuta penye kunalegea, mara Ufaransa mara Ubelgiji, anaanza kila mara ku zero. Mwenye kuvumilia pahali pamoja anafungua inchi nyingi.

Ulaya si kwamba haiwezi. Vita ya Ukraine iliposhika moto Februari 2022, haikupita hata miezi miwili: tarehe 5 Aprili Komisio ya Ulaya iliomba inchi zake zote zitambue haraka masomo ya Waukraine, hata yenye karatasi hazikutimia. Ilikuwa vizuri, na tunawaombea mema. Kwa watu wa inchi zingine, maombi ya namna ile yalingoja mpaka Novemba 2023, na bado ni maombi tu, si sheria. Mukongomani mwenye alifika Bruxelles kabla ya huyo Muukraine ana haki ya kuuliza sababu.

Hata historia yetu wenyewe inaonyesha kwamba inawezekana. Mu 1960 Ubelgiji uliondoka bila kuacha munganga hata mumoja Mukongomani mwenye diploma kamili. Ulikuwa umefundisha wasaidizi wa munganga, wale assistants médicaux, watu wenye kujua kazi lakini wenye cheo cha chini kwa kupenda kwa wakoloni. Shirika la Afya Ulimwenguni lilichagua makumi kadhaa kati yao, likawapeleka vyuo vikuu vya Ufaransa. Kule hawakuanzishwa mwaka wa kwanza kama watoto wenye kutoka sekondari. Ujuzi wao ulihesabiwa, wakamaliza miaka yenye ilibaki. Mu 1963 walikuwa wanarudi, wakiwa waganga kamili. Mwaka huohuo ndio Waprotestanti walifungua hapa kwetu Université Libre du Congo, yenye leo ni UNIKIS.

Na leo? Umoja wa Ulaya umelipia, kupitia kazi za CIFOR kule Yangambi, masomo ya masta ya vijana wengi ku UNIKIS juu ya misitu. Wazungu wanakuja kufundisha, wanaandika makala ya kisayansi pamoja na walimu wetu, wanahesabu miti pamoja mu pori la Tshopo. Kwa hiyo wakati wanatuhitaji juu ya hewa ya dunia, masomo ya Kisangani yanatosha. Tungependa yatoshe pia wakati yuleyule kijana anaomba kazi.

Sasa tugeuke, tuseme ya kwetu, maana sehemu kubwa ya shida hii haikutengenezwa Bruxelles.

Sheria ya 11 Februari 2014 juu ya masomo ndiyo ilileta LMD. Kutumiwa kwake mu vyuo vyote kulianza mwaka wa masomo 2021-2022, wakati wa waziri Muhindo Nzangi. Ulikuwa uamuzi muzuri. Lakini kubadilisha ngazi za nyumba inaomba kuwaambia wageni ngazi ya zamani ilifika wapi. Inchi zenye kutumia Bologna zinatoa pamoja na diploma karatasi ya nyongeza: mufumo wa masomo wa inchi, miaka, kredi za kila somo, masaa, ngazi yenye mwenye karatasi anaweza kuingia kisha. Kurasa chache tu. Kwa mwenye lisansi ya zamani, nyongeza ile ingesema kwa mustari mumoja: miaka mitano ya chuo kikuu. Mustari ule mumoja ungeokoa watu wengi kuliko hotuba zote zenye tunasikia siku ya kolasio.

Halafu kuna kukawia. Kila mutu hapa anajua mwenye alimaliza zamani na mpaka leo anatembea na atestasio, akingojea diploma yenyewe. Mu Kongo tumezoea. Mukubwa wa kazi mwenyewe alipitia pale. Ng'ambo hawakuzoea. Karatasi ya muda, yenye kuandikwa na chuo chenyewe miaka nane iliyopita, inaonekana kama ya kutengeneza. Na tusijidanganye: za kutengeneza ziko. Wizara imefunga mara nyingi vyuo vyenye havikustahili kuitwa vyuo, na kuna watu wenye kuuza mihuri. Mwenye kulipa deni la wale ni kijana mwaminifu. Ofisi ya kule inaandika barua kuuliza kama diploma ni ya kweli. Barua inafika sekretaria, hakuna mwenye kazi ya kuijibu, inalala. Kule wanahesabu ukimya kama jibu.

Ongeza njia. Mihuri ya wizara iko Kinshasa, balozi ziko Kinshasa. Toka Kisangani kwa muto ni kilometa zaidi ya 1.700, majuma mu mashua. Kwa ndege toka Bangboka ni bei yenye mwalimu wa sekondari hawezi kutoa mushahara wake wa mwezi. Wengi wanatuma dosie kwa mukono wa "ndugu" fulani mwenye kujua watu ku wizara. Pale makuta yanapotea, na wakati mwingine diploma ya asili inapotea pamoja nayo.

Na vita. Watu wa mji huu wanakumbuka 1964, 1997, zile siku sita za Juni 2000. Kila mara nyumba zinaungua, na mu nyumba kuna sanduku, na mu sanduku kuna karatasi. Tangu 2023 magomvi ya Wambole na Walengola yamechoma nyumba za watu mu Lubunga, ngambo tu ya muto. Goma mu Januari 2025, kisha Bukavu mu Februari: wanafunzi na walimu walikimbia na vile walivaa. Mukataba wa Lisbon uliona jambo hilo tangu 1997. Kifungu cha 7 kinaomba inchi zitafute njia ya kupima masomo ya mukimbizi hata asipokuwa na karatasi. Tangu 2017 Baraza la Ulaya linatoa pasi ya masomo kwa wakimbizi: wajuzi wanaongea na mutu, wanapima maelezo yake, wanamupa karatasi yenye kueleza kiwango chake. UNESCO ilianza jambo la namna ile Zambia mu 2019, inchi yenye kupokea wakimbizi wengi wa kwetu. Si ruhusa ya kazi, lakini inamutoa mutu mu orodha ya "hakusoma". Wenye kuwa na ndugu mu kambi ao mu Ulaya wamuambie aulize.

Tunajua yenye wasomaji wamoja watasema. Munataka kuwasaidia waganga wetu wakimbie? Nani atabaki Opala, nani atabaki Bafwasende? Hiyo sauti ina uzito, na hatutaifunika. Ni kweli kwamba karatasi nyepesi itaongeza wenye kuondoka. Lakini kumushika mutu kwa kuharibu karatasi yake si njia ya kujenga hospitali. Munganga wa Bafwasende anashikwa na mushahara, dawa mu depo, na shule ya watoto wake. Na wale wenye wako tayari kule hawatarudi kwa sababu diploma yao imekataliwa. Wanabaki, na ujuzi unakufa mukononi mwao. Munganga mwenye alitambuliwa, akafanya kazi miaka kumi mu hospitali ya kweli, ndiye anaweza kurudi siku moja kufundisha ku fakulte yetu. Mwenye kusafisha miaka kumi anarudi na mugongo wenye kuuma.

Tena jambo hili si la Ulaya peke yake. Tangu 2022 Kongo ni memba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kifungu cha 11 cha itifaki ya soko la pamoja ya jumuiya kinaomba inchi zitambuane masomo na ujuzi. Wahasibu na wachora-majengo wa inchi zenye zilitangulia walikwisha kupatana mu 2011, wahandisi mu 2012. Watoto wetu wengi wanasoma Kampala. Wakienda, UNEB inapima diploma yao ya Serkali. Wakirudi na digrii, wanaanza kukimbia Kinshasa kutafuta ekivalansi. Tunalalamikia Bruxelles kwa yale yenye sisi wenyewe tunafanyia mutoto wetu mwenye kutoka Uganda.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache, na tunayaomba kwa wenye majina ya kazi. Wizara ya masomo ya juu itoe karatasi moja ya kueleza ngazi za zamani na za LMD, yenye kila chuo kitaunganisha na diploma, hata za miaka ya nyuma. UNIKIS, ISP, ISTM na IFA ziweke kila moja mutu mumoja, na anwani moja ya imeli, wa kujibu barua za kuhakikisha diploma. Majina ya wenye kumaliza yaingizwe mu kompyuta kuanzia 1981, kabla panya na mvua havijamaliza rejista. Mihuri yenye kupatikana Kinshasa tu iweze kupatikana hapa, hata siku moja kwa mwezi. Ku ubalozi wa Ulaya tunaomba jambo moja: wakubali kwamba inchi yenye vita inaweza kutoa mutu mwenye kusoma bila kutoa karatasi yote.

Na wewe mwenye unamaliza mwaka huu, usingoje wizara. Kabla haujapanda toleka ya mwisho kutoka ku kampisi, omba karatasi ya alama ya kila mwaka, si ya mwisho peke yake. Omba iandikwe masaa ao kredi za kila somo. Kama ulisoma uganga ao uuguzi, peleka kitabu chako cha staji kitiwe muhuri na masaa yaandikwe, hospitali kwa hospitali. Piga picha za karatasi zote, utume ku imeli yako na ku ya mutu mwenye unamutumainia, asiye wa nyumba moja na wewe. Asili yake usimupe mutu aipeleke Kinshasa mu mufuko wake.